Mguu Hauumi, Lakini Haujapona

Nazungumza nanyi kutoka Usa River, na leo nimekuja na habari ya mguu mmoja wa kushoto.

Ukiamka hapa kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukasimama pale barabara ya Ngurdoto inapoachana na lami kuu ya Arusha na Moshi, utawasikia kabla hujawaona. Zinatangulia nyayo. Kisha pumzi. Kisha wanachomoza watatu au wanne, kofia za sufu zimevutwa hadi masikioni, mvuke unawatoka mabegani kama chungu kilichofunuliwa. Wanapita bila neno, wanapandisha kuelekea Momella, na Mlima Meru uko kushoto kwao, bado mweusi. Hao ndio wakimbiaji wetu. Wengine wametoka Mbulu, wengine Karatu, wengine Singida, wamekuja Arusha kwa sababu ya mwinuko, hewa ya baridi na wenzao wa kufanya nao mazoezi.

Nimekaa hapa miaka mingi, na sikio langu limezoea kusikiliza nyayo hizo. Za mkimbiaji mzima zinalingana kama ngoma ya mpigaji hodari. Za mwenye jeraha hazilingani: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unagusa tu na kuondoka. Mwezi wa Desemba nilisikia nyayo za namna hiyo asubuhi tatu mfululizo. Ya nne sikuzisikia tena. Kumbe kijana mwenyewe anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na jioni moja akaja kukaa barazani pangu, kama wanavyokaa vijana wengi wa mtaani hapa.

Siku hiyo alikuwepo pia binti wa jirani yangu, amekuja likizo kutoka Moshi. Yuko mwaka wa tatu wa shahada ya fiziotherapia pale hospitali ya KCMC. Alikuja kunisalimia tu. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba mwanangu, masomo yanaendaje?" Tukawa tunazungumza hayo, na yule kijana akadakia: "Dada, mimi kano ya kisigino ilinisumbua, lakini sasa hivi haiumi. Nimepumzika wiki 2, bibi kanichua na mafuta ya nyonyo, niko fiti. Februari nakimbia Moshi, nusu marathoni."

Msikilizaji, nilitegemea binti atainama, aminye kile kisigino na kuuliza hapa panauma, hapa je. Baadaye alikiminya, lakini hakuanzia hapo. Alimwambia kijana avue viatu, asimame kwa mguu mmoja kwenye ngazi ya baraza, aguse ukuta kwa ncha za vidole asije akayumba, kisha anyanyuke juu ya vidole vya mguu na kushuka, anyanyuke na kushuka, polepole, goti limenyooka. Akanigeukia. "Baba mdogo, tuhesabie."

Nikahesabu. Mguu wa kulia ulifika 27 ndipo kijana akapumua kwa nguvu. Tukaja wa kushoto. Moja, mbili, tatu, hakuna tatizo, kijana anatabasamu. Saba, nane. Ilipofika 10 tabasamu likaondoka. Ya 11 ilipanda kwa taabu. Ya 12 kisigino kiliinuka upana wa vidole viwili tu, na nyama ya shavu la mguu ikawa inatetemeka yenyewe, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Kijana akashuka, akautazama mguu wake kana kwamba ameuona kwa mara ya kwanza.

"Hauumi kwa sababu hujaupa kazi," binti akamwambia. "Mtu mzima mwenye afya tunatarajia afike kama 25. Wewe unataka kukimbia kilomita 21, na kwenye mbio huo mguu utabeba uzito wako wote peke yake, maelfu ya hatua. Utaubebesha nini, hizo 11?"

Kisha akasema neno lililonifurahisha kuliko yote: "Mimi bado mwanafunzi. Kesho nenda hospitali ukamwone mtaalamu, umweleze tulichokiona hapa." Kijana akaenda. Akarudi na ratiba ya wiki 12.

Nataka leo tukae hapo, kati ya "hauumi" na "umepona". Mahali hapo ni parefu kuliko tunavyodhani, na kuna watu wanaosoma miaka 4 chuo kikuu ili wapajue. Huko nje, Uingereza kwa mfano, vipo vyuo vinavyotoa shahada nzima ya utengamao wa michezo, miaka 3 ya kusoma jambo hilo tu: namna mwili wa mwanamichezo unavyoumia, unavyojijenga upya, na unavyorudishwa uwanjani hatua kwa hatua. Afrika Kusini wana fani yao wanayoiita baiokinetiki, inayotibu kwa mazoezi. Hapa Tanzania mlango wetu ni fiziotherapia. Mwanafunzi anasoma kidato cha sita mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, anaingia shahada ya miaka 4, anafanya mwaka mmoja wa utarajali, na akishaiva ndipo anajielekeza kwenye michezo. Mtu akitamka neno fiziotherapia, wengi wetu tunafikiria kuchua. Tunamwona yule bwana wa timu ya mpira anayekimbia uwanjani na kisanduku na chupa ya dawa ya kupuliza. Naomba tumheshimu bwana huyo, lakini kazi yenyewe, asilimia kubwa, haionekani kwenye televisheni.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa sekondari nilikuwa mkimbiaji wa mita 400. Sikuwa bora wa mkoa, ila nilikuwa na mbio. Wiki moja kabla ya mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ngazi ya wilaya, nikiwa kwenye kona ya pili, nilisikia kitu nyuma ya paja kama mtu amenipiga na kokoto. Nikaanguka. Mwalimu wetu wa michezo, mtu mwema aliyetupenda kama wanawe, akanipaka dawa ya kuchua hadi ngozi ikawaka moto, akanifunga bandeji, akaniambia nipumzike. Siku ya tatu maumivu yakaisha. Siku ya tano nikajaribu kukimbia kidogo, sikusikia kitu. Siku ya saba nikashindana. Kona ile ile ya pili, nyama zile zile, safari hii zilichanika nikasikia mlio. Sikukimbia tena mita 400 maishani mwangu. Hadi leo nikipanda ngazi haraka, paja hilo linanikumbusha.

Mwalimu hakukosa upendo. Alikosa elimu, na hakuwa na mtu wa kumuuliza katika wilaya nzima. Angekuwepo mtu aliyesoma, angemwambia kwamba msuli uliochanika huacha kuuma mapema sana kabla haujapata nguvu, kwa sababu maumivu ni kengele ya mwanzo tu. Pale palipochanika panazibwa kwanza na nyama changa isiyo na mpangilio, dhaifu kama udongo uliosiribwa jana. Nyama hiyo haikomai kwa kulala kitandani. Inakomaa kwa kuvutwa, kidogo leo, zaidi kidogo kesho, kwa kipimo. Ukiizidishia inachanika, ukiinyima kazi inabaki dhaifu na fupi. Ndiyo maana nasema elimu hii ni elimu ya kipimo na subira.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, msikilizaji, halafu turudi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico City, lililoko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki. Njiani aligongana na wenzake akaanguka, akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshatanda, watu wengi wameshaondoka, bandeji inaning'inia mguuni. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Hadithi hiyo unaijua. Imesimuliwa duniani kote.

Lakini kuna sehemu ya pili ambayo hatuisimulii. Mwaka 1970, kule Edinburgh, Uskoti, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari huyo huyo, kwa goti lile lile, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Alikuwa wa tano, katika mbio alizoshinda Ron Hill wa Uingereza kwa muda wa kutisha wa 2:09:28. Hebu uweke namba hizo mbili pamoja: 3:25 Mexico City, 2:15 Edinburgh. Saa moja na dakika 10 zimeondoka. Mwili ulioingia uwanjani ukichechemea ulirudi ukawa miongoni mwa bora wa Jumuiya ya Madola katika muda usiofika miaka miwili.

Mimi ningekuwa na uwezo, ningeweka sanamu mbili. Moja ya Akhwari wa bandeji, hiyo kila mtu anaitaka. Ya pili ya Akhwari wa miezi ya katikati, alfajiri moja isiyo na kamera, anajaribu kama goti litabeba. Tunasifu ushujaa wa kukimbia ukiwa umeumia, na unastahili sifa. Ila nahofia tumewafundisha vijana wetu nusu ya somo. Kijana wa Usa River anayekimbia juu ya kisigino kibovu anadhani anamfuata Akhwari wa Mexico City. Ningependa amjue na yule wa Edinburgh.

Basi binti wa jirani yangu anasoma nini huko Moshi? Nilimuuliza, naye akanieleza barazani hadi mama yake akamwita akale. Mwaka wa kwanza ni anatomia, na anatomia yenyewe wanajifunzia kwenye maiti. Alisema siku ya kwanza aliposhika kano ya kisigino kwa mkono wake alishangaa ilivyo ngumu na nyeupe, kama mkanda wa ngozi mbichi ulioloweshwa. Msuli ni mwekundu na hupitiwa na damu nyingi. Kano ina damu kidogo, na hapo ndipo penye siri ya wiki 12: chakula na vifaa vya kujengea vinaifikia polepole, kwa hiyo inajijenga polepole. Baadaye wanasoma fiziolojia, magonjwa, na biomekanika, yaani hesabu za nguvu zinazopita mwilini mtu anapotembea, anaporuka, anapotua. Wanajifunza kupima pembe ya goti kwa kifaa kiitwacho goniomita, na kupima nguvu ya msuli kwa daraja za 0 hadi 5. Halafu wodini: aliyepooza upande mmoja, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, aliyeungua moto, mzee aliyevunjika nyonga. Anayeota kutibu wakimbiaji peke yao lazima apite kwa hao wote, na nadhani ni vizuri iwe hivyo.

Wanasoma pia utafiti, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wapo wanaouliza shahada ya nini, si umfundishe mtu mazoezi kwa miezi 6 akafanye kazi. Yale mazoezi ya ngazini aliyopewa kijana wetu yana historia. Katika miaka ya tisini kulikuwa na daktari wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, naye mkimbiaji, aliyesumbuliwa na kano ya kisigino. Aliomba afanyiwe upasuaji, mkubwa wake akakataa. Alfredson akaamua kuibebesha kano hiyo kazi nzito hadi ikatike, ili wasiwe na budi kumpasua. Akawa anashuka kisigino kwenye ngazi, kwa maumivu, kila siku. Kano haikukatika. Ilipona. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wagonjwa 15 waliofanya mazoezi hayo: seti 3 za mara 15, goti limenyooka, kisha tena goti limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Piga hesabu, ni mara 180 kwa siku. Wote 15 walirudi kukimbia. Baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Denmark wakaonyesha kwamba uzito mkubwa unaonyanyuliwa polepole, mara 3 tu kwa wiki, unaleta matokeo yanayokaribiana na hayo, na kwa mtu mwenye shughuli nyingi huenda ukamfaa zaidi.

Sasa, aliyefundishwa kwa miezi 6 atakariri zoezi la 1998. Aliyesoma shahada atajua lilitoka wapi, limebadilika vipi, na lini lisitumike. Chukua barafu. Daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978 aliandika kanuni iliyozunguka dunia: pumzika, weka barafu, kaza bandeji, inua mguu. Hata sisi huku tulikuwa tunakimbilia dukani kununua barafu za watoto, zile za kwenye mifuko, tunabandika kwenye enka hadi rangi ya juisi inatuchirizikia. Karibu miaka 40 baadaye Mirkin mwenyewe akaandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja vinaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu ule uvimbe tunaouchukia ni sehemu ya ujenzi. Inahitaji elimu, na moyo mkubwa, mtu kusahihisha jambo lililompa jina. Ndiyo maana nasita ninapoona mtu ana cheti cha semina ya siku 5 na kibao barabarani kimeandikwa mtaalamu wa majeraha ya michezo.

Bibi wa kijana, na wachuaji wote wa Umeruni wanaonisikia, sijawasahau. Mikono yenu imetulea. Kuchua kunatuliza, kunampa mgonjwa usingizi, kunamfanya ahisi kuna mtu anamjali, na hilo si dogo. Binti hakumkataza kijana kwenda kuchuliwa na bibi yake. Alichomwambia ni kwamba mafuta ya nyonyo hayataongeza 11 zikawa 25. Ila mkiona goti limevimba usiku mmoja, mkiona mtoto ana mfupa wa ugoko unaouma mahali pamoja pa kugusika kwa kidole, tafadhali msichue. Mfupa wa mkimbiaji huweza kupata ufa mdogo kwa kukanyaga mara nyingi bila mapumziko wala chakula cha kutosha, na ufa huo hautibiki kwa kukandwa. Mpelekeni hospitali.

Najua mzazi fulani anajiuliza, mwanangu akisoma haya atakula wapi? Timu zenye uwezo wa kumwajiri mtaalamu wa kudumu zinahesabika, na wakimbiaji wetu wengi wanaishi kwa kubahatisha zawadi. Atakayesoma kwa kutegemea riadha peke yake atapata shida. Lakini nenda hospitali yoyote ya wilaya leo asubuhi uangalie benchi la fiziotherapia. Vijana wa bodaboda wamejaa: goti, ugoko, bega. Kijana wa bodaboda anahitaji goti lake kuliko hata mchezaji wa ligi, maana asipoweza kukanyaga breki watoto hawali. Mama anayebeba mikungu ya ndizi kutoka Poli hadi sokoni Tengeru ana mgongo unaofanya kazi kuliko mgongo wa mnyanyua vyuma. Aliyesoma namna ya kumrudisha mwanamichezo kazini anajua namna ya kumrudisha na mama huyu. Kipimo ni kile kile: kazi yako inataka nini, mwili wako sasa unatoa nini, na tunaujazaje upungufu huo.

Na Usa River, ndugu zangu, neno utengamao si geni. Hapa pana kituo cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ambacho kwa miaka mingi kimewapokea vijana wenye ulemavu, kikawafundisha ufundi, wakatoka wanajitegemea. Kule Uingereza, mwaka 1948, daktari Ludwig Guttmann aliwaweka wagonjwa wa uti wa mgongo, watu 16, kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu katika uwanja wa hospitali ya Stoke Mandeville. Mbegu hiyo ndiyo iliyokua ikawa Michezo ya Paralimpiki. Alikuwa ameona kwamba mchezo ni dawa yenyewe.

Tazama tulivyojaliwa upande huu. Kilomita kama 60 mashariki yetu iko KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971, na hapo hapo kuna shule ya mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya mifupa, TATCOT, iliyoanza 1981 na kupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapa hapa Usa River tuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Arusha kuna uwanja mpya wa Olmoti, wa watazamaji wapatao 30,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027. Na barabarani tunao wakimbiaji. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, anayefanya mazoezi yake Arusha, alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, wote wakiandikiwa 2:09:48. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Pungufu ya kupepesa jicho. Katika mbio za namna hiyo, shavu la mguu lililo dhaifu kidogo linatosha kukunyima.

Wenzetu wa Kenya wameliona hili mapema. Eldoret, chini kidogo ya Iten, Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha shahada ya fiziotherapia katikati ya nchi ya wakimbiaji, na mkimbiaji Eliud Kipchoge katika miaka yake mikubwa alikuwa na mtaalamu wake, Mkenya mwenzake, Peter Nduhiu, akiutunza mwili ule siku hadi siku. Sisi tuna mlima, tuna chuo, tuna wakimbiaji, na umbali kati yao ni nauli ya basi. Naomba wakuu wa vyuo vyetu, na wa riadha, na wa mpira, wakae meza moja. Wanafunzi wa mwaka wa nne waletwe huku alfajiri wapime visigino vya vijana wa Ngurdoto, kama wanavyopelekwa wodini. Utafiti wao wa kumaliza chuo uwe juu ya miguu inayokimbia kwenye vumbi letu la volkano. Na shahada ya pili ya majeraha ya michezo isimlazimu mtoto wa Meru kupanda ndege. Tunaihitaji elimu hiyo hapa kwetu: watafiti wa Norway, kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kano ya goti, walikuta kwamba hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu kwa kila mwezi mmoja waliosubiri kabla ya kurudi uwanjani, hadi mwezi wa 9. Nani katika timu zetu za daraja la kwanza ana sauti ya kumwambia kocha na mashabiki, subirini miezi 9? Atakayekuwa na sauti hiyo lazima awe ameisomea.

Yule kijana jirani yangu aliposikia wiki 12 alifanya hesabu kwa vidole, akaona mwisho wake unapita mbio za Moshi. Alinyamaza siku mbili. Alikuwa ameshajisajili, na fulana ya mazoezi ameshanunua. Siku ya tatu, saa kumi na mbili jioni, nikasikia mtu kwenye ngazi za baraza langu. Nilitoka nikamkuta anashusha kisigino, polepole, meno ameyauma. Tangu siku hiyo anakuja asubuhi na jioni, kwa sababu ngazi za kwao, anasema, ni fupi.

Leo ninavyozungumza nanyi yuko wiki ya tisa. Wenzake watakimbia Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, naye ameombwa akawashikie maji pale Moshi, amekubali. Binti amesharudi chuoni, lakini kila Jumamosi anapiga simu, na mimi napewa simu niripoti. Jumamosi iliyopita nilihesabu mguu wa kushoto kwa sauti ili na yeye asikie kule aliko. Shavu la mguu halikutetemeka hadi 17. Ya 19 ilipanda yote. Ya 20 ilipanda nusu, na binti akaniambia hiyo nisiihesabu.